Barua ya Ndege Isiyoruka

Benadeta ndiye aliyeniletea habari, amesimama mlangoni kwangu na ndoo tupu kama mtu anayepita tu.

"Mama Elick, umesikia? Ma Sperancia anaidai ndege."

"Anaidai nini?"

"Ndege, ile ya kuruka. Anataka wamlipe. Na nakwambia, hata Bukoba yenyewe hakufika! Alishuka Kyaka, akalala kwa jamaa zake, akarudi. Hakutaka tu kwenda kumtoa yule binti wa kaka yake. Sasa aibu imemzidi, anatafuta pa kuitupia. Akilipwa utaona, atanunua pikipiki, na mguu wake ule ule mbovu."

Akacheka, akaenda zake bombani. Nilibaki na unga mikononi, Elick amelala mgongoni, joto la pumzi yake likinipitia kwenye kitenge. Sikumwamini Benadeta, kwa sababu mimi nilikuwa nimekiona kikapu alichorudi nacho Ma.

Ma Sperancia ni jirani yangu hapa Songambele. Migomba yake na yangu imekutana, huwezi kujua jani lipi ni la nani. Alishafiwa na mumewe, na kaka yake naye alifariki akamwachia watoto wawili, Edgar na Jenifa. Jenifa alikua mikononi mwake. Alisoma, akaenda Dar es Salaam, akapata kazi, akapata na mchumba huko huko. Kwetu binti hatoki nyumbani bila shangazi yake, dada wa baba. Ndiye anayemshika mkono kumtoa ndani, na kabla ya kumtoa anamnong'oneza maneno ambayo hata mama mzazi hayasikii. Shangazi akiweza kuja asije, watu husema amemnyima mtoto baraka. Na Jenifa shangazi anaye mmoja tu.

Kosa la Ma Sperancia lilikuwa mdomo wake. Wakati wa kuvuna kahawa, mbele ya watu, alisema: "Dar ni mbali mno. Siendi kumkabidhi mtoto ugenini kama mzigo." Alisema kwa uchungu, alitaka sherehe ifanyike hapa, chini ya migomba aliyoipanda kaka yake. Uchungu ulipita, lakini maneno yakabaki kwa watu. Edgar akamkatia tiketi ya ndege, maana kwa ule mguu basi la siku mbili asingeliweza.

Nilimwona akiondoka Alhamisi alfajiri, akalale Bukoba kwa binamu yake asubiri ndege ya Ijumaa. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka vilima vikawa kama visiwa. Alikuwa amebeba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, aliyoichemsha mwenyewe na majani yenye harufu na kuianika juani, ya kuwapokelea wakwe. Alinipungia mkono akaingia kwenye ule weupe, na kwa muda nikaona kikapu tu kikielea.

Jumapili alirudi na kikapu kile kile. Kwenye mpini palikuwa na kibandiko kirefu cheupe kilichoandikwa namba, kile wanachofunga uwanja wa ndege. Hakukibandua. Mpaka leo hajakibandua.

Siku kadhaa baadaye, tukichambua maharage kwake, alinisimulia bila mimi kuuliza. Alifika uwanjani jua halijachomoza. Wakampa kadi ya kupandia, wakapima mzigo wake, akakaa kitini na kutazama ziwa.

"Ndege wenyewe, wale wa manyoya," alisema, "walikuwa wanatembea pale pa kutulia ndege. Taratibu, kama wenye shamba. Hakuna wa kuwafukuza. Nikajisemea, hawa mbona hawaogopi? Kumbe walijua."

Waliambiwa saa nne. Wakaambiwa saa nane. Jioni akaja kijana mwenye tai akasema leo hakuna ndege, kampuni imeipeleka kwingine, nafasi nyingine ni Jumatatu. Sendofu, sherehe yenyewe ya kumtoa binti, ilikuwa Jumamosi.

"Nilimpigia Jenifa, simu haipokelewi, nadhani alikuwa saluni. Nikampigia Edgar, akasema tutaona. Wakamtafuta mama mmoja wa Muleba anayeishi Dar, akasimama badala yangu. Sijui alimnong'oneza nini mtoto wangu. Huenda hakumnong'oneza kitu."

Baada ya harusi Jenifa alimtumia ujumbe mmoja. Ma alinionyesha, ameuhifadhi. *Shangazi, ungeniambia tu kwamba hutaki.* Tangu hapo akipigiwa hapokei. Edgar alijaribu kueleza, akajibiwa kwamba anamkingia kifua shangazi yake.

"Pesa sizijui," Ma aliniambia, vidole vikiendelea na maharage. "Mimi nataka karatasi yenye mhuri. Iseme kwamba nilikuwepo."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri na simu yangu ni ya kupangusa. Tukaenda Nkwenda siku ya gulio, kwa Mudathir mwenye steshenari. Babu yake alitoka Tanga zamani akaoa huku, na ukimsikia Mudathir anaongea utadhani alifika jana.

"Bibi, karibu, keti. Kadi ya kupandia unayo?"

Ma akaitoa katikati ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa nzima, haijakatwa kipande.

Mudathir akaiinua kwenye mwanga kama anayetazama yai. "Lo! Hii ni dhahabu. Ungepanda wangeikata. Sasa sikiliza, bibi yangu, abiria ana haki zake. Usiombe. Dai!"

"Nidai kwa sauti gani?" Ma aliuliza, na hakuwa anatania.

Tukajaza fomu ya kampuni ya ndege kwenye kompyuta. Mudathir akaipiga picha kadi, na kibandiko cha kikapu pia, akatuma. Wakajibu kwamba watapiga simu.

Walipiga siku tano baadaye, tumekaa uani kwa Ma. Alikuwa binti mwenye sauti laini. Niliweka spika, na yale mazungumzo nimeyashika yote.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka kampuni ya ndege, huduma kwa wateja."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Tumepokea fomu yako. Kuna tatizo gani, mama?"

"Aa, hakuna tatizo, mwanangu. Sisi wazima kabisa. Huko mvua zimeanza?"

"Bado. Kwa hiyo... huna tatizo lolote, mama?"

"Hatuna, tunamshukuru Mungu. Na wewe, wazazi hawajambo?"

Hapo simu ikakatika. Huku kwetu simu huvuka mpaka bila mwenyewe kuvuka. Inashika mtandao wa ng'ambo, inakukaribisha nchi ambayo hujaiona, na aliyekupigia anapotea. Ma akaendelea kuishika, akiisubiri. Alikuwa bado mlangoni pa salamu. Kwetu hata kama kuna msiba ndani, mgeni akisalimu unamjibu nzuri kwanza, unamuuliza ya kwake, unashusha pumzi, ndipo unasema: ila. Ma hakuwa amefika kwenye ila.

Kesho yake ukaja ujumbe. *Mteja amethibitisha hana tatizo. Suala limefungwa.*

Mudathir alipousoma alicheka mpaka akashika meza, halafu akaona uso wa Ma, akanyamaza. "Bibi, wale hawana nafasi ya salamu. Wakiuliza tatizo, wewe mwaga!"

"Mtoto wa watu ananiamkia, nimrushie msiba wangu usoni? Nimelelewa wapi mimi?"

Tukashika njia ya kurudi. Nikawaza mambo yangu ya kijinga. Niliona ndege ile imesimama mahali fulani, tupu, milango wazi, kiti cha Ma kando ya dirisha kinamsubiri hajui kwa nini haji. Elick alikuwa ananyonya huku anatazama mawingu, na mimi nikatazama anachotazama, kamstari keupe kembamba juu sana kanakokwenda upande wa Rwanda.

Tuliandika tena, safari hii kwa mkono wangu, Mudathir akaipiga picha barua. Niliandika kwamba Ma Sperancia alisema hana tatizo kwa adabu, na tatizo analo. Niliomba wapige Jumatano asubuhi, tutakuwa mahali penye mtandao.

Mahali hapo ni juu kwenye mibuni yake. Jumatano hiyo mibuni ilikuwa imechanua. Wasioijua kahawa hawajui kwamba inachanua nyeupe yote kwa pamoja, siku tatu au nne tu, na harufu yake inakufanya usahau ulichokuja kufanya. Nyuki walikuwa wengi mpaka kilima kilikuwa kinaimba. Njiani Ma alikuwa ameniambia: "Mwanangu, mimi siwezi kuruka salamu. Basi wewe nisalimie. Zimalize zote, usibakize. Kisha unipe simu."

Simu ikalia. Nikapokea. Ilikuwa sauti ile ile. Nikamwambia mimi ni jirani, nimetumwa salamu. Nikamuuliza habari za kazi, za joto la Dar, za wazazi. Nikamuuliza jina.

"Samiha," akasema, akacheka kidogo. "Haya, zimeisha?"

"Zimeisha. Huyu hapa."

Ma akaishika simu kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilifika kabla ya jua. Nilikaa mpaka jua likazama. Nina binti mmoja wa kaka yangu, sendofu yake ilikuwa kesho yake, na mimi ndiye wa kumtoa. Hamkuniambia mapema, ningetafuta hata lori. Sasa mtoto anadhani nilimkataa. Niandikieni kwamba nilikuwepo."

Pakawa kimya. Nilidhani mtandao umevuka tena. Kisha Samiha akasema, taratibu, "Pole, shangazi." Hakusema mama. Akasema ataandika yeye mwenyewe.

Barua ilifika kwa Mudathir baada ya majuma mawili. Akaichapa kwenye karatasi nzito ile ya vyeti, hakutaka malipo ya karatasi. Ilikuwa na nembo na mhuri. Ilisema siku ile safari ya Bukoba ilifutwa na kampuni yenyewe, na kwamba abiria Sperancia, mwenye kikapu kimoja, alikuwa uwanjani tangu alfajiri hadi jioni. Chini waliandika fidia yake na jinsi ya kuichukua. Mudathir akaweka kidole hapo. Ma akakisogeza kidole cha Mudathir pembeni, akaniambia nisome tena pale pa alfajiri hadi jioni.

Tulipopita bombani Benadeta alikuwa anajaza maji. "Ma, shikamoo! Pikipiki yetu iko wapi?"

"Marahaba. Inakuja na ndege," Ma akamjibu, akaendelea kuchechemea, karatasi ameibana kifuani. Benadeta akacheka, lakini aliutazama ule mhuri mpaka ndoo ikafurika.

Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa ametandika barua juu ya kitambaa safi, kikapu pembeni, kibandiko kikining'inia. Nikatoa simu niipige picha barua nimtumie Jenifa, kwa namba yangu, ambayo haijui, ataipokea. Picha ikatoka vizuri, hata mhuri unasomeka. Kidole changu kilikuwa tayari kutuma.

Ma akanishika mkono.

"Usiitume kwanza," akasema. "Mpigie. Msalimie. Muulize habari za nyumba, za mume, za kazi, kama kunanyesha huko. Usinitaje kabisa. Msubiri mpaka aseme nzuri, hata kama ni nzuri ya uongo. Nisikie sauti yake inasema nzuri. Ndipo umtumie."