Mkwe Aliyefunika Pua Mbele ya Ubani

Kwetu Arua, ukiingia nyumbani kwa mtu ukafunika pua, umemtukana. Huna haja ya kufungua mdomo. Hata ukute samaki wakavu wameanikwa mlangoni, hata uingie chumba cha mgonjwa ambaye hajaogeshwa, pua yako inabaki wazi na uso wako unabaki mkunjufu. Mama alinifundisha hilo kwa kofi, na kofi la mama halisahauliki. Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja huku na jeshi kutoka Sudani, na hili la kumpokea mgeni, na la kupokelewa ukajua kupokelewa, tumelishika kwa meno.

Kwa hiyo wakati wa korona tulipata taabu kweli. Barakoa tulivaa, ndiyo, lakini tulimvalia polisi. Ilikaa kidevuni siku nzima. Askari akitokea, soko zima linapandisha kwa pamoja, akipita, zinashuka. Nyumbani kwa watu hakuna aliyethubutu kuingia nayo. Amri ilipoondolewa, barakoa zangu za kitenge nikazifanya vitambaa vya kushikia sufuria, na mpaka leo ziko jikoni zinafanya kazi ya maana.

Korona imepita, watu wamesahau, ndipo mtoto wa marehemu kaka yangu akatuletea mke kutoka Japani.

Kijana huyu alilelewa na mama yangu hapa mtaani kwetu Oli tangu hajaota meno. Alisoma, akapata nafasi ya kwenda Japani kusomea mambo ya mashine, na huko ndiko alikopata mke. Nikaha ilifungwa huko huko. Lakini kwetu nikaha ni ya msikiti; ukoo nao una yake. Mwanamke mkubwa kuliko wote anatia ubani kwenye chetezo, anamfukiza bibi harusi nywele, mikono na nguo, halafu bibi harusi anainamisha uso kwenye moshi na kuvuta harufu mbele ya wanawake wote. Akishafukizwa ni mtoto wa nyumba. Asipofukizwa, hata azae timu ya mpira, ni mgeni tu. Na kwetu mkubwa ni dada yake mama, ambaye mimi namwita mama mkubwa. Anakaa Koboko, na chetezo kiko kwake.

Mama alikuwa na haraka na jambo hilo. Kifua chake kilikuwa kibovu. Masika yaliyotangulia alilazwa, na daktari alituambia waziwazi kwamba mafua mengine yanaweza kumwondoa. Siku aliyotoka hospitali alinishika mkono akasema, "Mimi nataka kuona muke ya mutoto yangu nafukizwa. Baada ya hapo Mungu aniite, mimi itaitika." Kitu kingine duniani hakutaka, hata dawa nilimnywesha kwa ugomvi.

Basi wakaja. Msichana mwembamba, mpole, anamwinamia kila mtu mpaka muuza chapati wa pembeni ya barabara. Lakini usoni, wallahi, barakoa nyeupe! Imeanzia chini ya macho ikaishia kidevuni, imembana sawasawa, wala haishuki. Alikuwa amepata kikohozi kwenye ndege.

Kijana wetu hakungoja aulizwe. Aliketi miguuni pa bibi yake akamweleza. "Habuba," alisema, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinubi, "kwao mtu akiwa na mafua anafunika mdomo ili asimwambukize mwenzake. Hakuna anayemlazimisha. Ndiyo adabu yao." Akasimulia mwaka wake wa kwanza kule, alipopanda treni ana mafua na mdomo wazi, akakohoa mbele za watu. Hakuna aliyemsema. Bibi kizee mmoja alifungua mkoba wake, akatoa barakoa mpya, akampa kwa mikono miwili huku ameinama. "Mimi ndiye mgeni, mimi ndiye sikujua," alisema kijana, "na yule bibi kizee hakunicheka."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akarudi kwenye tasbihi yake. Amesikia nini, hakutuambia.

Majirani walianza siku hiyo hiyo. Muuza mandazi wetu, mama mmoja mkimbizi kutoka Sudani Kusini, mtu wa kanisani na rafiki yangu sana, alinivuta kando. "Mugeni yenu iko naogopa sisi?" Nikamwambia anamwogopa yeye kwa mandazi yake yale mabichi. Tulicheka, lakini hakuridhika. Na msichana mwenyewe alizidisha mambo bila kujua. Wakati wa kula alikwenda dirishani, akageuzia uso nje, akala, akapandisha barakoa, ndipo akaturudia. Watu wakasema hata chakula chetu anakila kwa kujificha. Nilichemka! Mimi nina mdomo, sikatai, na nilimtetea msichana ambaye hata jina langu lilimshinda kutamka. Nilimtetea kisimani, nilimtetea dukani, nikamtetea kwenye harusi ya watu nisiowajua.

Kungoja kikohozi kiishe tusingeweza. Siku ya kurudi kwao ilikuwa imekaribia, na kifua cha mama hakikuwa kitu cha kuwekea ahadi ya mwakani. Tukakodi gari, tukaenda Koboko.

Sasa, mama mkubwa. Ana duka la vitenge sokoni Koboko, na kwa kuwa Kongo iko hapo na Sudani Kusini iko hapo, amewauzia watu wa nchi tatu na kugombana nao wote. Anatembea kwa shida, magoti yamechoka, lakini ulimi haujachoka. Alituandalia kweli kweli. Mikeka mipya, chai ya tangawizi, vyakula vimefunikwa kwa vifuniko vya ukindu vya rangi alivyosuka mwenyewe. Wanaume walikaa nje upande wa barabara pamoja na kijana wetu. Sisi wanawake tulijaa chumbani, Wanubi wa Koboko na majirani zao, mitandio inang'aa. Mama aliketi ukutani mahali pake pa siku zote. Chetezo kiliwashwa, na machozi yakaanza kumtoka, maana mama kila penye ubani hulia. Sisi tulizoea kusema ana machozi ya karibu.

Msichana aliingia, akapiga magoti karibu na mlango, barakoa usoni. Mama mkubwa alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akasema kwa Kiswahili, si kwa Kinubi, ili majirani wote wasikie.

"Hii mutoto iko naziba pua kwa nini? Hapa iko nanuka?"

Nikamweleza mambo ya mafua. Nikamweleza desturi ya kwao. Nikasimulia na yule bibi wa kwenye treni na mikono yake miwili.

"Korona ilisha isha," akasema. "Treni iko kwao. Hapa ni Koboko. Mwambie atoe hiyo maski, aje kwa ubani."

Nilimgeukia msichana nikamwambia kwa Kiingereza. Akanisikiliza, macho yakamtoka, akamtazama mama yangu pale ukutani. Akajibu polepole, akichagua maneno, kwamba hawezi. Bibi yuko karibu mno. Akitoa barakoa atakohoa, na bibi ataugua. Halafu akaomba radhi, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasimama, akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni akipiga magoti tena barazani, mbali na sisi, mikono juu ya mapaja, akingoja.

Ala! Chumba kililipuka. Amekataa ubani! Ametupa mgongo! Mama mkubwa alikuwa amevimba kwa hasira. "Mimi sifukizi mutu naziba pua," alisema. "Arudi kwao vile alikuja." Nikamjibu, na sitayaandika hapa yote niliyomjibu, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu na bado yuko hai. Nilimwambia msichana ana adabu kuliko chumba kizima, mimi nikiwemo. Akaniambia nifunge bakuli langu. Sikufunga. Nilikuwa nataka kulia, maana nilimwona mama ameinamisha kichwa, na nilijua analiona lile jambo moja aliloliomba kwa Mungu linatoka mlangoni.

Ndipo mama akasimama. Alijishika ukutani, akanyanyuka kidogo kidogo. Nikamwambia, "Mama, kaa, kifua chako." Hakunitazama. Akavuta ncha ya mtandio wake, akaipitisha juu ya pua na mdomo, akaichomeka vizuri upande wa sikio. Kisha akainama mbele ya dada yake, akakishika chetezo.

Mdogo kushika chetezo cha mkubwa wake, hilo lenyewe halijawahi kutokea kwetu. Na pua imefunikwa mbele ya ubani!

"Hata wewe?" mama mkubwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata wewe, mudogo wangu, naziba pua kwa ubani yangu?"

"Dada, hii moshi iko nakata kifua yangu," mama alisema kutoka ndani ya mtandio. "Si ya leo. Toka zamani. Ile masika, mimi nilitoka hapa kwa arusi, kesho yake wakanilaza."

"Na hukusema!"

"Ningesema namna gani? Kwetu mutu haizibi pua." Akatua kidogo kupumua. "Huyu mutoto ya watu, hata lugha yetu hajui. Yeye iko naogopea kifua yangu. Sisi wote hapa, nani alishaogopea?"

Miaka yote ile tulimwona analia, tukacheka kwamba ana machozi ya karibu, naye alikuwa anaungua kimya kwa kulinda heshima ya nyumba ya dada yake. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kufuta macho, na hakukuwa na moshi upande wake.

Mama mkubwa alimtazama mdogo wake. Nilimjua, nilingoja matusi. Badala yake alinyoosha mkono nikamsaidia kusimama, magoti yakalia, akamwendea mama akamnyang'anya chetezo.

"Lete hapa," alisema. "Wewe iko nataka kufa kwa mukono yangu?"

Naye akavuta mtandio wake, akaufunga puani.

Alitoka nacho mwenyewe mpaka barazani, kwenye upepo, ambako moshi ulichukuliwa ukaenda zake juu ya paa. Tukamfuata. Na wanawake wa kwetu, wale wale waliokuwa wanapiga kelele sasa hivi, kila aliyevuka kizingiti alivuta mtandio akafunika pua. Hakuna aliyewaamuru. Hakukuwa na polisi. Walifunika kwa ajili ya mama yangu, na kwa ajili ya mgeni asiwe peke yake. Nimeona harusi nyingi na sherehe nyingi, nimeona wakubwa wa serikali wakipokewa kwa ngoma, lakini sijawahi kujivunia watu wangu kama nilivyojivunia pale barazani. Kichwa kilinivimba kwa fahari.

Msichana alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua macho akaona wanawake wote wamefunika nusu ya uso, akadhani kuna janga. Nikachuchumaa nikamwambia abaki vile vile, asitoe kitu. Mama mkubwa alimfukiza nywele. Akamfukiza mikono, kiganja kwa kiganja. Akamfukiza upindo wa gauni. Alipofika usoni alisita, na sote tukasita naye. Kisha akakipitisha chetezo polepole mbele ya ile barakoa nyeupe, kutoka sikio mpaka sikio, akisema bismillahi. Msichana alifumba macho akavuta pumzi kupitia kitambaa, akakohoa, akalia, barakoa ikalowa yote. Tulipiga vigelegele kutoka ndani ya mitandio yetu, na vilitoka vibaya kweli, vimezibwa, tukaanza kuchekana wenyewe kwa wenyewe. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mdomo umefunikwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hakukohoa.

"Basi," alisema mama mkubwa, akampa mtu chetezo. "Inuka, ya biniya, binti yangu. Birika iko jikoni. Lete chai."

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi hata ya kumi hatumpi. Msichana wetu alikuwa amekaa kwetu bila kuruhusiwa kushika hata kijiko. Nilimweleza alichoagizwa. Alisimama haraka mpaka akakanyaga gauni lake. Nikataka kumtangulia nimwonyeshe, mama akanishika nguo.

"Acha," alisema. "Mutoto yangu najua njia."

Hakuijua. Alielekea moja kwa moja bafuni, na mama mkubwa akamfokea vile vile anavyotufokea sisi.