Mguu Wangu na Freni za Jipu la Bwana Rajabu

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Waswahili wa Gisenyi miaka ya hamsini, gari tulilijua kwa mlio kabla halijaonekana. Magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika, na mengi ya pale mtaani yaliishia uani kwetu, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa wa kwanza katika wasichana watano, basi spana nilimshikia mimi, na mama alishachoka kulalamika kwamba mafuta ya gari hayatoki kwenye nguo.

Jipu la Bwana Rajabu nalikumbuka kuliko yote. Bwana Rajabu alikuwa mfanyabiashara wa viazi na maharagwe, mnene, mcheshi, na mwoga wa mteremko kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Jipu lake lilikuwa limetumika jeshini kabla ya kumfikia, na mabomba ya freni, yale membamba yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu, yalikuwa yameliwa na kutu. Mapya hayakupatikana. Baba akavuka mpaka kwenda Goma, akarudi na bomba la shaba limeviringwa begani, akasema atayatengeneza mwenyewe.

Kazi ile ilikuwa raha kuitazama. Alikata bomba kwa msumeno mdogo, akalainisha mdomo wake kwa tupa, akalikunja taratibu kwenye chupa ya limonadi ili lisibonyee. Kisha alinipa nipulize upande mmoja, naye akasogeza upande wa pili karibu na jicho, kuona kama hewa inapita. Pumzi yangu ikimfikia alipepesa kope, akacheka. Baada ya hapo ilikuja nati ya kulifungia bomba mahali pake. Nati lazima ivishwe kwenye bomba kwanza, ndipo mdomo wa bomba upanuliwe kwa nyundo. Ukishapanuka, nati haipiti tena. "Nati kwanza," alituambia kila siku, hata tulipotaka kula kabla ya kunawa mikono.

Basi siku moja, uani kumejaa watu na Bwana Rajabu anasimulia kisa chake kirefu, baba akapanua mdomo wa bomba la nyuma, lile refu kuliko yote. Ulitoka mzuri ajabu. Akaliinua bomba juu, akanigeukia. Nati ilikuwa bado kiganjani mwangu. Angeweza kunitupia mimi lawama, na hakuna ambaye angembishia.

"Nati nimesahau," alisema kwa sauti, mbele ya wote. Akachukua msumeno, akaukata ule mdomo mzuri, akaanza upya. Bahati nzuri alikuwa ameacha urefu wa ziada.

Mabomba yalipofungwa ikabaki kutoa hewa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mguu wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa ukingoni mwa kiti, nikashika usukani kwa mikono miwili, baba akalala chini ya gari na chupa yake ya kukingia mafuta. "Kanyaga, mama! Shikilia! Achia!" Tulizunguka magurudumu yote manne, tukarudi la kwanza. Hewa ikiwa bado ndani, pedali huzama kama mguu kwenye matope. Ikiisha, pedali hukaza.

Sasa, jirani palikuwa na harusi. Pilau lilikuwa limepakuliwa, na nilisikia wenzangu wakigombania ukoko wa sufuria. Baba akauliza kutoka chini, "Iko nguvu?" Pedali ilikuwa laini. Nikajibu, "Iko nguvu, baba." Nikaruka chini, nikakimbilia ukoko.

Niliukuta, nikaula, na haukuteremka vizuri. Mafundi wa mtaani kwetu walikuwa na desturi yao: freni mpya zilijaribiwa kwenye mteremko wa Nyundo, kilimani juu ya mji, fundi akiendesha, mtoto wake pembeni, mwenye gari nyuma. Mwenye gari akiona fundi amempakia mwanawe, moyo wake ulitulia. Mama aliichukia desturi hiyo.

"Mutoto yangu hapana kilo ya mizani!" alimwambia Bwana Rajabu asubuhi iliyofuata, siku ya kulijaribu jipu.

"Shangazi, mi niko na bibi wawili na watoto munane," alijibu Bwana Rajabu, tayari amejipachika nyuma. "Fundi akipandisha wake, mi napanda. Asipopandisha, mi nashuka."

Baba alininyanyua akanikalisha mbele. Akawasha injini. Nikamtazama mama amesimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni, nikatazama mikono ya baba kwenye usukani, nikaogopa kweli. Kufa sikukufikiria sana. Niliogopa kwamba baba alikuwa ameliamini neno langu.

"Baba," nilisema, "nati nimesahau. Jana pedali ilikuwa laini."

Akazima injini. Bwana Rajabu alishuka haraka kuliko alivyopanda, akimaka "Yewe, yewe!" Baba hakunifokea. Alichukua spana na ile chupa, akainama kuingia chini ya gari.

"Alfajiri nilikanyaga, nikaona inazama," alisema taratibu. "Hatungetoka hapa. Nilikuwa nangoja wewe." Kisha, sauti yake ikitoka chini ya chuma: "Na ukoko, ilikuwa tamu?"

Nililia huku nakanyaga. Tulirudia gurudumu kwa gurudumu mpaka mapovu yakaisha kwenye chupa na paja langu likatetemeka, na nilipoulizwa safari hii nilikanyaga mara tatu kabla ya kujibu. Tukapanda Nyundo, tukageuza, tukateremka. Ziwa lilikuwa limetulia chini yetu. Kila baba alipokanyaga, jipu lilitii, na nyuma Bwana Rajabu aliacha kusoma dua akaanza kuimba.

Leo mjukuu wangu ana gari ambalo taa huwaka kumwambia kila kitu. Boneti hajawahi kuifungua, ila amelipiga picha kila upande. Simlaumu, ni gari zuri, wala halimchafui mtu nguo. Ila hakuna anayelala chini yake akamwuliza mtoto iko namna gani, kisha akangoja jibu. Baba ametangulia miaka mingi, na ninamkumbuka mno. Tukiteremka Nyundo mjukuu wangu hunicheka, kwa sababu mimi abiria nakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. Namwacha acheke. Nakanyaga mara tatu, na kimoyomoyo najibu: iko nguvu, baba.