Uzi Juu ya Meza ya Kijani

Juzi nilipita mtaa wa Langas, harufu ya rangi ya mafuta ikanirudisha kwa meza yetu.

Baba alikuwa ameipaka kijani meza tuliyolia chakula, ili tuchezee pingpong. Mimi nilikaa mlangoni nikiomba Mama achelewe kutoka kanisani.

Alikuja rangi ikiwa imekauka. Akaitazama meza, kisha akasema, "Baba Nanjala, sasa laini ya katikati iko wapi?"

Akaleta uzi wake mweupe wa kufuma vitambaa. Yeye akashika mwisho huu, Baba ule mwingine, wakauvuta na kuufunga katikati ya meza. Kule ushago, kijijini kwetu, baba wadogo walivuta kamba hivyo hivyo wakigawana shamba, na baadaye wakaacha kusalimiana. Sikujua kwamba Mama aliwahi kuchezea shule yake pingpong. Niliona tu akichora mpaka mweupe, tena akiimba.

Kesho yake jioni, ugali ulipoletwa, nilibeba sahani yangu nikaenda upande wa Mama.

"Nanjala, mbona umemhama baba yako?" akauliza.

"Si mmegawana?"

Baba alicheka hadi tonge likamponyoka. Mama akainuka na sahani yake, akavuka, akaketi karibu naye. Nikabaki na nusu ya meza peke yangu, na sijawahi kufurahia kuachwa kama jioni ile.