Viwavi wa Nyanya Yako Ndani ya Chupa

Mwanangu, umenipigia simu kutoka Moi's Bridge ukitaka jina la dawa, kwa sababu majani ya avokado zako yamejikunja. Sina jina la kukupa. Nina hadithi, na ukiwa na haraka, pole sana.

Nakumbuka siku moja kule Burnt Forest, mwaka ule nilioolewa, baba yako akinoa panga mlangoni. Alitaka kukata miti ya plamu ya mama yake, nyanya yako, miti aliyoipanda mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe. Shamba lote lililobaki lilikuwa mahindi. Ile plamu tu ndiyo iliyokuwa yake.

Baba yako alikuwa mtu wa mahindi hasa. Mwanzoni, alipoona kiwavi kwenye jani la plamu, alichukua ile dawa ya unga tunayotia kwenye moyo wa mahindi, akaibana kwa vidole, akatia kwenye kila jani lililojikunja. Lakini kiwavi huyu hujishonea jani kwa nyuzi zake na kujifungia ndani. Unga ulibaki nje, naye akaendelea kula.

"Mama, hii miti imekwisha. Wacha nipande mahindi," baba yako akasema.

"Huyo mdudu unamjua?" nyanya yako akamuuliza. "Humjui, na panga umeshanoa! Ngoja kwanza nimlee."

Nilidhani uchungu umemchanganya akili. Aliweka viwavi kadhaa kwenye chupa pana, akaifunika kwa kitambaa, na kazi ya kuwapelekea majani mabichi akanipa mimi. Nilinung'unika kila asubuhi, sikufichi.

Mwishowe viwavi wakageuka nondo, wale vipepeo wa usiku, wadogo wa kahawia, wakikunja mabawa wanafanana na kengele. Siku chache baadaye tukaona kitu kwenye kioo cha chupa: mayai bapa, yamelaliana kama magamba ya samaki. Nyanya yako akashika mdomo. Tulikuwa tumeyaona kwenye majani ya plamu msimu mzima, tukidhani ni utomvu umekauka.

Tangu hapo tulijua pa kuanzia. Tulichuma majani yenye mayai na yale yaliyoshonwa, tukawapa kuku. Baba yako naye alichuma. Msimu uliofuata panga lile lile lilikata nguzo za kuegemeza matawi, maana plamu zilikuwa zinayavunja kwa uzito.

Kwa hivyo, mwanangu, usinunue kitu leo. Sijui kama wako ni nondo yule yule. Avokado si plamu. Fungua jani moja, umtazame aliye ndani. Mfuge pamoja na wenzake kadhaa mpaka akuonyeshe amekuwa nani na anataga wapi, ndipo uamue la kumfanyia. Hata mtu akikuudhi, fanya hivyo hivyo kabla hujanoa panga.

Mungu akupe macho ya nyanya yako na subira yake. Na mikono ya baba yako pia, ile iliyokata nguzo msimu wa pili. Chupa bado ninayo, njoo uichukue.