Mabega ya Mwenyekiti

Jina la Fundi Nusu alipewa na wateja, wala hakulikataa, maana akisimama kando ya meza yake ya kukatia, meza ilimfika kifuani. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita. Tangu hapo mtu pekee wa kuzungumza naye kutwa nzima alikuwa Dada Vifungo, mama wa makamo aliyekaa cherehani ya pili akishona matundu ya vifungo. Jioni Nusu alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, na mdomo nao akaufunga mpaka asubuhi.

Jengo lao lilikuwa na mafundi arobaini na mwenye jengo mmoja, na huyo mmoja aliwashinda wote. Akitaka, anakata umeme. Akitaka, anakuhamishia chini ya ngazi, wewe na cherehani yako. Nusu aliamini mafundi wakiungana, wakawa na mkataba mmoja, hakuna wa kuwachezea. Aliandika hayo kwenye karatasi ya kukatia suruali, akaibandika ukutani, na kila aliyeisoma alisema haya ndiyo maneno. Basi uchaguzi wa mwenyekiti wa mafundi ulipotangazwa, akajitosa.

Mpinzani wake alikuwa fundi mapazia wa ghorofani, jitu refu lenye sauti nzito. Sera yake ilikuwa fupi kuliko yeye: kila mtu apambane na hali yake, na mwenye jengo asiudhiwe. Lakini alikuwa na koti la kijivu, na ndani ya koti lile alionekana kama mlango wa ghala. Koti hilo alilishona Nusu. Ni Nusu peke yake aliyejua kwamba bila koti mabega ya yule bwana yameteremka kama ya chupa, na kwamba kila upande mna pamba tabaka tatu. Ila fundi hatangazi mwili wa mteja. Hilo alifundishwa kabla hajaruhusiwa kushika mkasi.

Siku ya kura wagombea walielekezwa ukutani, wasione nani kawakataa wakamwekea kinyongo, na watu wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Nusu akawa anatazama rangi iliyobanduka, masikio kayatega. Uenyekiti aliutaka, ndiyo, lakini tusidanganyane: alichotaka zaidi ni kusikia kandambili za Dada Vifungo, zile zenye mkanda uliofungwa kwa uzi, zikisimama nyuma yake. Alizisikia. Zilikuja, zikapita nyuma ya kisogo chake, zikaendelea. Alipogeuka, kwake walikuwa watu sita, na kule mstari ulifika mlangoni.

"Kaka, usininunie," Dada Vifungo alimwambia kesho yake, macho kwenye sindano.

"Sijanuna."

"Maneno yako nayakubali mpaka nukta ya mwisho. Lakini wewe ukienda kwa mwenye jengo, atakuangalia hivi," akainamisha kichwa, "halafu anaendelea na chai yake. Mwenzio ana mabega. Mtu ukimwona tu unatulia."

"Hata kama anayoyataka siyo unayoyataka wewe?"

"Atayataka. Mtu mwenye umbo lile hawezi kutuangusha."

Neno lilimfika Nusu kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Liliuma likishuka. Siku ile hawakuzungumza tena, na siku ikawa ndefu kweli.

Siku ya tatu mwenyekiti alishuka kwa Nusu, wakaingia nyuma ya pazia la kupimia. Alipovua koti alibaki mtu mwingine kabisa, mwembamba, mwenye haya.

"Fundi," alinong'ona, "Jumatatu naitwa kwa mwenye jengo. Yule mzee namwogopa tangu siku ya kwanza. Hebu niongezee pamba."

Nje ya pazia Dada Vifungo aliacha kushona. "Mwenyekiti huyo yumo humo? Kaka Nusu, si unaona lakini, tumepata mtu."

Nusu alikuwa na pini nne mdomoni. Akaitikia "mmh", akaweka tabaka la nne.