Jicho la Mama Linasubiri Presha

Mama yangu hakuogopa kupasuliwa jicho. Aliogopa kufa kabla hajamtazama mdogo wake usoni. Huyo mdogo wake, yaani mama mdogo wangu, ameolewa Mwamgongo, kijiji cha pembezoni mwa ziwa, na kila akija mjini alikuwa hachoki kutuambia kwamba hana kunyanzi hata moja, kwamba vijana wa kwenye boti bado wanamwita dada. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu, kwa hiyo hakuwa na namna ya kubisha. "Nipasuliwe nimwone huyo mwongo," alikuwa akiniambia. Ukiacha kuingia peponi, sidhani kama kulikuwa na jambo jingine alilolitaka zaidi.

Basi tuliposikia madaktari wa macho wamekuja kutoka nje ya mkoa na wamepiga kambi hospitali, nikamdamsha mama, nikampakia kwenye bajaji, tukawa watu wa mwanzo kufika. Wakamulika macho, wakasema la kulia limekomaa, linapasulika. Mama akatabasamu. Halafu wakamfunga kile kitambaa cha mkononi, wakakijaza upepo, na daktari akaacha kutabasamu. Mia mbili kwa mia na kumi. Akasema kwa sauti ya upole kwamba kwa presha ile hakuna atakayeligusa jicho lake. Ameze vidonge kila siku, apunguze chumvi, arudi Ijumaa ya wiki inayofuata, ndiyo siku yao ya mwisho ya kupasua. Wakishaondoka, kurudi kwao anajua Mungu.

Mama akasema yeye hana presha, ni kile kitambaa ndicho kinachombana.

Vidonge alikuwa navyo nyumbani tangu zamani. Alikuwa akivimeza siku kichwa kikimgonga, basi. Nilipomwuliza kwa nini asimeze kila siku kama alivyoelekezwa, alinijibu kwamba kidonge ni kama mwavuli, mwenye akili zake haufungui kama mvua hainyeshi. Mimi nina hasira za karibu, hilo mtaa mzima wa Kasingirima unalijua, na wanaonunua mawese kibandani kwangu wanalijua zaidi. Lakini mama ni mama, nikameza mate.

Tukaelekezwa kliniki ya presha, na huko ndiko nilikolijua lile benchi. Jamani, lile benchi lina waganga kuliko Ujiji nzima. Kabla mama hajakaa vizuri ameshaulizwa anatumia nini. Mwanamke mmoja, mke wa mvuvi, akamwambia kitunguu saumu, punje nzima, usitafune, meza kama kidonge. Mzee mmoja mstaafu wa reli akasema hapana, choya, lile ua jekundu, lichemshe unywe bila sukari. Mwingine akaleta maji ya bamia iliyolala kwenye glasi. Mzee wa kofia, aliyekaa mwisho kabisa, akawasikiliza wote kwa huruma, kisha akaeleza kwamba yeye aliumikwa chuku mgongoni, akanyonywa kwa pembe, ikatoka damu nyeusi kama oili chafu, na ile ndiyo presha yenyewe, aliiona kwa macho yake kwenye pembe. Nikamwuliza kama ilitoka, hapa leo amefuata nini. Akasema amekuja kuhakikisha haijarudi.

Mama alikuwa haoni, ila masikio yake yalikuwa yanafanya kazi ya macho na ya kwao. Hakuna dawa hata moja iliyompita.

Mara mlango ukafunguka, akatoka nesi, mama mmoja mnene aliyehamishiwa kwetu kutoka kusini, akauliza kama kuna yeyote anayetumia dawa za kienyeji pamoja na za hospitali. Vichwa vya benchi zima vikatikisika, hapana, hapana. Yule wa saumu alitikisa kichwa huku amefunga mdomo, na sababu ya kuufunga tuliokaa karibu tuliijua. Nilitaka kusema, mama akanifinya pajani. Haoni, lakini mahali pa kufinya anapajua.

Nyumbani nikatunga sheria. Paketi ya chumvi nikampa jirani. Kidonge kila asubuhi mbele yangu, mdomo wazi, ulimi juu, nikakagua kama mtu anayenunua mbuzi. Hayo mengine ya benchi nikamwachia, maana ningemzuia yote angegoma yote. Akameza saumu mpaka wateja wakawa wanaongea nami wakiwa wamesimama upande wa pili wa barabara. Akanywa choya, akanywa na ile bamia inayovutika kama makamasi, anaisifia. Ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, isiyo na chumvi alikuwa anakula huku analalamika kwamba ninamlisha mkeka. Kila jioni tulikwenda duka la dawa, dada wa pale akampima, na presha ikawa inashuka kidogo kidogo. Nilifurahi mno, nikaanza kumhesabia mama Ijumaa kama mtoto anayesubiri Idi.

Ndipo mama mdogo akatua Kibirizi kwa boti, na dumu la dawa.

Lilikuwa dumu la manjano lililowahi kuwa na mafuta, limejaa maji ya kahawia yenye mizizi. Alikuwa amesikia dada yake ana presha na asingekaa Mwamgongo akaacha wageni wa macho waondoke hivihivi. Alimpenda dada yake, hilo silikatai. Akaingia ndani, akasalimiwa, akavua kanga ya juu, akaenda moja kwa moja jikoni. Kwetu mama mdogo akiingia jikoni kwako unamkabidhi mwiko, unatoka. Humwulizi anatia nini chunguni. Ukimwuliza ni kama umemwuliza kama anajua kupika, na habari zitafika Mwamgongo kabla yake.

Chakula kikabadilika. Mama akaacha habari za mkeka, akawa analamba vidole, anasema mkono wa mdogo wake una baraka na wangu ulikosa nini sijui. Niliona wivu, nasema kweli. Na lile dumu alipewa kikombe asubuhi na kikombe jioni, anakunja uso, anamaliza. Jumatatu tukaenda kupima, presha imepanda. Jumanne imepanda zaidi. Nikamwambia dada wa duka la dawa kipimo chake kibovu, abadilishe betri. Akabadilisha mbele yangu. Ikapanda. Nikagombana naye hata hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

Jumatano mama mdogo alipotoka kuwasalimia majirani nikamimina ile dawa nikaionja. Ziwa letu lina maji baridi, unaweza kuyanywa ukiogelea, kwa hiyo ulimi wangu haukuwa umezoea shida ile. Chumvi, chumvi kabisa. Chini ya ule uchungu wa mizizi kulikuwa na chumvi ya kuhifadhia samaki, ile ya migebuka. Nikafunua chungu cha mboga, nikaonja, chumvi. Pembeni ya jiko nikakuta kifurushi cha kitambaa, ndani yake mabonge ya chumvi ya Uvinza, yale makubwa ya kijivu.

Aliporudi nikachuchumaa mbele yake kama anayeomba radhi, nikauliza kwa adabu niliyoikusanya kwa shida kama hakuambiwa kwamba mgonjwa amekatazwa chumvi. Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia chumvi iliyokatazwa ni hii ya paketi, ya viwandani. Ya Uvinza si chumvi hiyo. Ya Uvinza imetoka kwenye ardhi yetu wenyewe, imechemshwa kwa kuni, babu zetu wameila na hakuna aliyekuwa na presha, na ndiyo inayoisukuma ile mizizi ifike kwenye damu. Nikasema babu zetu hawakuwa na kipimo. Akasema ndiyo hasa anachokieleza, presha imekuja na kipimo. Mama, kwenye mkeka wake, akacheka mpaka akakohoa.

Nikatoka nje nikawagombeza kuku.

Lakini nilikuwa naogopa. Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na mama asubuhi ile alikuwa ameniuliza kwa sauti ndogo, kama watu wanaopasuliwa jicho moja huwa wanaona rangi au wanaona vivuli tu. Nikasema adabu itanisamehe. Alhamisi nikawapakia wote wawili kwenye bajaji, dumu na kile kifurushi cha chumvi nimevipakata mimi, tukaenda kliniki.

Benchi lilikuwa palepale na waganga wake. Nesi alipofungua mlango na kuuliza swali lake, nikasimama, nikaliweka dumu miguuni pake, nikasema yote: saumu, choya, bamia, mizizi, Uvinza. Watu wa benchi wakaniangalia kama niliyemtaja mwizi kwa polisi. Nesi hakucheka. Akauliza mizizi ya mti gani. Mama mdogo akasema hiyo ni siri aliyopewa na mama mkwe wake. Nesi akasema basi siri ikae kwenye dumu mpaka jicho lipasuliwe, maana asichokijua jina hawezi kujua kinapigana vipi na vidonge. Saumu kwenye mboga hana ugomvi nayo. Choya si mbaya, ila aambiwe, kwa kuwa inaweza kuteremsha presha juu ya kazi ya vidonge, na mtu akaanguka msalani akadhani amerogwa. Kisha akakichukua kile kifurushi, akakipima kwa kiganja.

"Mama, chumvi haina kabila," akamwambia mama mdogo.

Mwanamke wa mvuvi akainua mkono pole pole na kusema hata yeye, sista, ile saumu. Mstaafu wa reli akakiri choya. Mzee wa kofia akaanza kupandisha shati aonyeshe mgongo, akazuiwa. Nesi akaegemea mlango, akawa anawasikiliza mmoja mmoja, asubuhi nzima ikaharibika.

Mama mdogo alikuwa amenuna. Akanyoosha mkono wake, akasema apimwe yeye, aliyeila chumvi ya Uvinza tangu anaachishwa ziwa, tuone hiyo presha iko wapi. Nesi akampima. Akampima tena. Akahamia mkono wa pili. Presha ya mama mdogo ilikuwa juu kuliko ile iliyomrudisha mama siku ya kwanza. Akasema kipimo kimechoka kwa kumpima dada yake. Akapewa vidonge, akavitia kwenye pochi, na jioni nilipompelekea maji ya kuvimezea akasema hana kiu. Ijumaa asubuhi hana kiu vilevile.

Siku hiyo ya Ijumaa tulifika tukiwa tumekula uji usio na kitu. Presha ya mama ikapimwa, imeshuka, lakini imebaki pale mlangoni, haijaingia kwenye kiwango cha kupasuliwa. Daktari akamwambia akae kimya, asiongee kabisa, atampima tena baadaye. Mama yangu, kukaa kimya! Katika dawa zote alizopewa, hiyo ndiyo iliyokuwa chungu. Ilibidi mama mdogo atolewe nje, maana kila akikohoa tu mama anataka kumjibu. Nikakaa mbele yake nimeziba mdomo wangu kwa kiganja ili aone mfano, kumbe haoni. Nilimsikia akihema, akihema, kama mtu anayeshusha mzigo. Wakampima. Daktari akasema, haya, twende. Nililia palepale, na sikuona aibu.

Jumamosi asubuhi, wakati wenzake wanafunga mizigo, daktari akaja kumfungua bandeji. Mama akapepesa. Akamtazama daktari, akasema kumbe ni mtoto. Akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Kisha akamwita mdogo wake.

Mama mdogo alikuja amevaa kanga mpya, amesimama mbali kidogo, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Mama akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga. Makunyanzi yalikuwa yamejaa, paji lote, pembe za macho, shingo. Chini ya macho pamevimba. Mimi nilishaandaa kicheko, nikawa nasubiri mama aanze.

Mama hakucheka. Akampapasa shavu kwa kidole gumba, mara moja, na tena.

"Mdogo wangu," akasema, "sijashiba kukutazama. Meza hivyo vidonge."

Mama mdogo akainamisha macho. Akafungua pochi yake, akaitafuta ile pakiti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaniomba maji.