Jina Ambalo Melkiori Hakulitaja

Kichwa changu bado kinakataa. Leo asubuhi nimewasha redio, saa ile ya matangazo ya vifo ambayo Melkiori huwa anayasoma. Sauti ikawa ya mtu mwingine. Jina likawa lake.

Mnanijua, mimi ni Simoni wa Butihinda. Naandika mwenyewe hapa kwenye simu kwa kidole kimoja, sijaomba msaada kwa mtu.

Melkiori alikuwa mtangazaji wa habari hapa Muyinga, wakati sisi wakimbizi tumerudi tu nyumbani kutoka Tanzania. Alikuwa anakaa kwenye ndoo yangu niliyoipindua, anakula mihogo yangu, ananifundisha maneno ya kazi yake. Mtu anayetoa habari anaitwa chanzo. Chanzo akiomba jina lifichwe, linafichwa mpaka kaburini.

Siku moja nikamwambia mbegu za msaada wetu sisi tuliorudi zimefichwa kwa chefu wa kilima, kiongozi wa kijiji chetu.

"Mzee, umeziona?"

"Kwa macho yangu haya. Ila jina langu usilitaje."

Sikuona kitu. Nilisikia kilabuni tu. Nilitaka ajue kwamba Butihinda hakuna kinachonipita.

Alitaka amsikie na chefu kwanza, ndiyo kanuni yao, pande zote mbili. Nikamcheka, nikamuuliza kama anaogopa. Deadline, saa yao ya mwisho ya habari, ikafika, akaisoma redioni bila kumsikia chefu.

Wiki hiyo hiyo gari la mbegu likaingia, mifuko bado imeshonwa. Chefu hakuwa amegusa hata punje. Na mke wake watu walishaacha kumsalimia kisimani.

Wakubwa wa redio wakamtaka Melkiori ataje chanzo chake. Akakataa. Akasoma sahihisho kwa mdomo wake: "Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa kilabuni. Nikasema kwa sauti kwamba waandishi wa siku hizi hawajui kazi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Wakamtoa kwenye habari, akaenda Gitega kusoma vifo vya watu, miaka yote hii. Akipita huku lazima anisalimie, polepole, mtu asisikie: "Chanzo changu, umeamkaje?"

Mimi naongea sana. Hilo moja tu lilinishinda kulisema.

Chefu wetu, uko hai, watoto wako watakusomea hapa. Aliyesema ni mimi. Kesho nakuja kwako kwa miguu, niyarudie maneno haya mbele ya mama wa nyumba yako.

Melkiori, jina nimelifungua mwenyewe. Lala sasa, mdogo wangu, huna tena cha kunifichia.